Mguu Kwenye Pedeli: Tulinde Magoti Yetu



Mpenzi msomaji, mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumza juu ya goti, na hasa goti la mtu anayepanda baiskeli. Katekista anayetembelea vigango, mama anayepeleka mboga sokoni, fundi anayekwenda kazini alfajiri, na kijana anayefanya mazoezi ya mashindano, wote hao hutegemea magoti mawili. Goti likiharibika, si mchezo tu unaosimama, bali na riziki pia.

Tumesukumwa kuandika somo hili na jambo jipya linaloonekana kati ya vijana wetu. Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Wengi waliyatazama, na tangu hapo hamu ya baiskeli za mashindano imezidi. Baadhi ya vijana hununua baiskeli za mitumba kutoka Ulaya, nazo huja na pedeli ndogo za ajabu zisizokanyagika kwa ndala. Pedeli hizo huhitaji kiatu maalumu kinachonasa kwa sauti ya "ta!", na mguu ukishanasa hauondoki mpaka uuzungushe kisigino kwa nje. Hapo ndipo swali la afya linapoanza: je, mguu ufungwe kabisa usisogee, au uachiwe nafasi kidogo ya kucheza?

Kijana aliyekuja na goti lake

Kijana mmoja seremala alifika zahanati akichechemea. Karakana anakofanya kazi iko kilometa 14 kutoka kwao, naye huenda na kurudi kwa baiskeli kila siku. Alikuwa amenunua baiskeli ya mashindano iliyokwisha tumika, pamoja na viatu vyake. Wiki ya kwanza alifurahi sana. Wiki ya tatu goti la kulia likaanza kumchoma upande wa nje, kwanza akipanda mlima, baadaye hata akishuka ngazi. Alikuwa amekunywa vidonge vya maumivu kwa siku nyingi, na kila alipopata nafuu alirudi barabarani, na kila aliporudi barabarani maumivu yalimrudia. Aliogopa kwamba atalazimika kuiuza baiskeli, na nauli ya basi ya kila siku ingemaliza nusu ya anachopata.

Tulimwuliza juu ya viatu vyake. Akajibu kwa uhakika kwamba havina kosa, kwa sababu rafiki yake alimwambia kwamba kibao chekundu chini ya kiatu ndicho chenye nafasi kubwa ya kucheza. Tukamwomba alete baiskeli. Tuliiegemeza ukutani, akapanda, akanasa kiatu, nasi tukamwambia: "Sogeza kisigino kidogo kulia na kushoto." Kisigino hakikusogea hata kwa upana wa unywele. Mguu wake ulikuwa umefungwa kama mlango uliopigwa misumari. Baadaye tutaeleza kosa lilitokea wapi. Kwanza tuelewe goti lenyewe.

Goti si bawaba ya mlango

Watu wengi hudhani goti ni kama bawaba: hukunja na kunyoosha, basi. Kweli hiyo ndiyo kazi yake kubwa. Lakini Mwenyezi Mungu ameliumba kwa ufundi zaidi ya hapo. Mfupa wa paja hukutana na mfupa wa muundi, na kati yao kuna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga, ambavyo hupunguza mshtuko. Kano imara huishika mifupa isiachane. Mbele kuna pia ya goti, inayoteleza katika mfereji wake kila unapokunja mguu.

Sasa angalia jambo hili. Unaponyoosha goti hadi mwisho, mfupa wa muundi huzunguka kidogo kwenda nje. Unapoanza kulikunja, hurudi ndani. Mzunguko huo ni mdogo, nawe huusikii, lakini upo katika kila hatua ya maisha yako. Unapotembea, wayo hukanyaga ardhi upya kila mara na kuchagua pembe yake wenyewe, hivyo goti halina shida.

Juu ya baiskeli mambo hubadilika. Pedeli huzunguka katika njia ile ile moja, haibadiliki. Mpandaji aliyezoea huzungusha mara 80 hivi kwa dakika. Kwa saa moja ni mara 4,800, na kwa safari ya saa tatu ni mara 14,400 kwa kila goti. Kama wayo umefungwa katika pembe isiyo yake, na mfupa wa muundi unataka kuzunguka lakini hauna pa kwenda, nguvu hiyo haipotei. Hupanda juu hadi kwenye goti, nalo husokotwa kidogo mara 4,800 kwa saa. Tone moja la maji halitoboi jiwe, lakini matone mengi hulitoboa.

Jambo hili si dhana tu. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, mjini Davis, Marekani, walichapisha vipimo vya nguvu zinazolifikia goti la mpanda baiskeli. Walilinganisha pedeli inayoufunga mguu na pedeli inayouruhusu kuzunguka. Waliona kwamba mguu ukiruhusiwa kuzunguka, nguvu za kulisokota goti na kulipinda upande hupungua.

Pedeli hizi zilitoka wapi?

Wakatoliki wapanda baiskeli wanaye msimamizi wao. Karibu na ziwa la Como, kaskazini mwa Italia, juu ya kilima kirefu, kuna kikanisa cha Mama Bikira Maria wa Ghisallo. Mwaka 1949 Baba Mtakatifu Pius XII alimtangaza kuwa msimamizi wa wapanda baiskeli. Ndani ya kikanisa hicho zimetundikwa baiskeli za mabingwa wa zamani, ikiwemo ya Gino Bartali, Mwitaliano mcha Mungu aliyeshinda mbio kubwa za Ufaransa mwaka 1938 na tena mwaka 1948. Wakati wa vita aliutumia usafiri wa baiskeli kupeleka hati za siri zilizofichwa ndani ya baiskeli yake, ili kuwaokoa Wayahudi waliokuwa wakiwindwa.

Enzi za Bartali mguu ulishikwa na kikuku cha chuma mbele ya vidole, na mkanda wa ngozi ukakazwa juu ya kiatu. Chini ya soli kulikuwa na kibao chenye mfereji, kilichoukamata ukingo wa pedeli. Mkanda ukikazwa sana mguu haukucheza, tena ulikuwa mgumu kutoa mtu anapoanguka.

Mwaka 1984 kampuni ya LOOK ya Ufaransa, iliyokuwa imezoea kutengeneza vifaa vya kufunga viatu vya watu wanaoteleza juu ya theluji, ilileta pedeli ya kunasa na kunasua bila mkanda. Mwaka uliofuata, 1985, Mfaransa Bernard Hinault alishinda mbio za Ufaransa akitumia pedeli hizo, na dunia nzima ya baiskeli ikageuka. Kile kibao kinachofungwa kwa skrubu chini ya soli huitwa kliti. Kliti za mwanzo ziliushika mguu bila nafasi. Wapandaji wengi walilalamikia magoti, na watengenezaji wakaanza kuuza kliti zenye nafasi ya kucheza. Tangu hapo mnunuzi ana hiari: kliti ngumu isiyocheza, au kliti inayocheza.

Kucheza maana yake nini?

Tusikosee hapa. Kliti inayocheza haimaanishi kliti iliyolegea au iliyokwisha. Kiatu kimenaswa sawasawa, hakiwezi kuinuka wala kuchomoka, ila kisigino kinaweza kwenda ndani na nje kwa kiasi kilichopimwa. Ukikivusha kisigino kupita kiasi hicho kwenda nje, ndipo kiatu kinaponasuka.

Kiasi hicho hupimwa kwa digrii. Asiyezoea digrii aitazame saa ya ukutani: mshale mrefu ukisogea dakika moja, umesogea digrii 6. Basi tuone aina zinazopatikana zaidi.

1. Kliti za LOOK aina ya Keo, zenye skrubu tatu. Nyeusi haina nafasi, yaani digrii 0. Ya kijivu ina digrii 4.5, ambayo ni robo tatu ya dakika ya saa. Nyekundu ina digrii 9, yaani dakika moja na nusu.

2. Kliti za Shimano za barabarani, zenye skrubu tatu pia. Nyekundu haina nafasi, digrii 0. Ya buluu ina digrii 2, theluthi moja ya dakika. Ya njano ina digrii 6, dakika moja kamili.

3. Kliti ndogo za chuma za Shimano, zenye skrubu mbili, zilizoletwa mwaka 1990 kwa baiskeli za milimani. Zina nafasi ya digrii 4 hivi. Kliti hizi hujificha ndani ya soli, hivyo mtu aweza kutembea nazo. Kwa barabara zetu za vumbi na mawe, ambako mara nyingi hatuna budi kushuka na kusukuma, zinafaa kuliko zile kubwa za plastiki.

Ndugu msomaji, umeona mtego? Nyekundu ya LOOK ndiyo inayocheza kuliko zote, na nyekundu ya Shimano haichezi kabisa! Rafiki wa yule seremala alikuwa amesema kweli, lakini alisema kweli ya pedeli nyingine. Kijana alikuwa na Shimano. Kwa hiyo kanuni yetu ya kwanza ni hii: usiamini rangi, amini kisigino. Panda baiskeli ikiwa imeegemezwa, nasa kiatu, sogeza kisigino, uone mwenyewe.

Ijue pembe ya mguu wako

Mungu hakutuumba wote kwa kipimo kimoja. Wako ambao nyayo zao hutazama mbele sawasawa, wako ambao hutazama nje kama za bata, na wachache hutazama ndani. Tena mguu wa kulia na wa kushoto wa mtu yule yule huenda visilingane. Huo si ugonjwa, ni maumbile ya nyonga, muundi na kifundo.

Kuna njia mbili rahisi za kuijua pembe yako.

Njia ya kwanza: keti juu ya meza ndefu, miguu ining'inie bila kugusa chini, magoti yamekunjwa. Tulia, usikaze misuli. Mwenzako atazame kutoka juu vidole vinaelekea wapi.

Njia ya pili: lowesha nyayo kwa maji, kisha tembea hatua kumi juu ya sakafu kavu ya saruji, bila kujitazama. Rudi uzisome nyayo zako.

Seremala wetu alipoketi mezani, mguu wa kushoto ulitazama mbele, lakini wa kulia ulielekea nje kama mshale wa saa uliopita saa sita kwa dakika mbili. Aliyeifunga kliti yake alikuwa ameinyoosha mbele sawasawa, kwa kudhani kwamba kunyooka ndiko usahihi. Hivyo vidole vyake vilivutwa ndani, na upande wa nje wa goti ukavutika kwa kila mzunguko. Mguu wa kushoto, uliokuwa na kliti ile ile ngumu, haukuuma hata siku moja, kwa sababu pembe yake ilipatana na kliti.

Hapo ndipo lilipo fundisho lote la mwezi huu. Kliti ngumu si sumu, bali ni kipimo kisichosamehe. Ikipatana na mguu wako, utaipanda miaka mingi kwa amani. Isipopatana, hata kwa digrii chache, goti ndilo linalolipa deni. Kliti inayocheza husamehe kosa dogo, kwa maana mguu hujitafutia mahali pake.

Nani achague ipi?

Anayeanza kutumia pedeli za kunasa, na achague kliti inayocheza. Bado hajui pembe yake, na mwili wake haujazoea.

Aliyewahi kuumia goti, kifundo au nyonga, au mwenye miguu isiyolingana, naye vilevile achague inayocheza.

Aliyefika umri wa makamo, ambaye gegedu za magoti zimeanza kuchoka, asijaribu kliti ngumu kwa sababu tu amewaona mabingwa wakiitumia.

Kliti ngumu yaweza kumfaa mshindani mzoefu, hasa wa mbio fupi za kasi, anayetaka kiatu kisinasuke anapokanyaga kwa nguvu zote, mradi amefungiwa na mtu anayejua, na hana maumivu. Pia aliyetumia kliti ngumu miaka mingi bila kuumwa hana sababu ya kubadili kwa kufuata wengine. Kisichouma hakihitaji dawa.

Lakini je, nafasi ikiwa kubwa zaidi ndiyo bora zaidi? Hapana. Dada mmoja mwalimu alitueleza kwamba kwenye kliti zenye nafasi kubwa alijisikia kama anakanyaga sabuni. Miguu iliteleza huku na huku, na misuli ya paja ikachoka kwa kuishikilia. Alipochukua zenye nafasi ndogo zaidi alipata utulivu. Basi lengo si uhuru usio na mipaka, bali nafasi ya kutosha ili goti lipate pembe yake. Dalili njema ni hii: ukiwa unaendesha kwa utulivu, kisigino kinakaa katikati ya nafasi, bila kugonga mwisho wa ndani wala wa nje.

Namna ya kufunga kliti

Hata kliti nzuri ikifungwa vibaya huumiza. Fuata hatua hizi.

Kwanza, vaa kiatu na upapase ile sehemu nene ya wayo iliyo nyuma ya kidole gumba, palipo na fundo la mfupa. Weka alama kwenye kiatu. Papasa pia fundo lililo nyuma ya kidole cha mwisho, uweke alama ya pili.

Pili, weka kliti ili katikati yake iwe baina ya alama hizo mbili. Hapo ndipo mhimili wa pedeli utakapopita. Usiisogeze mbele mno kuelekea vidoleni, kwa maana kifundo na misuli ya ndama ya mguu vitachoka.

Tatu, igeuze kliti ipatane na pembe uliyoiona mezani au sakafuni. Kumbuka kwamba kliti iko chini ya kiatu: ukiielekeza pua yake upande wa kidole gumba, vidole vyako vitatazama nje, na ukiielekeza upande wa kidole cha mwisho, vitatazama ndani.

Nne, kaza skrubu zote kidogo kidogo kwa zamu, kisha zikaze vizuri. Skrubu iliyolegea huifanya kliti izunguke pamoja na pedeli, na mguu hautanasuka.

Tano, legeza springi ya pedeli hadi kiasi cha chini. Jizoeze kunasa na kunasua mara ishirini ukiwa umeshika ukuta, kabla hujaingia barabarani. Wengi huanguka wakiwa wamesimama, kwa kusahau kwamba mguu umenaswa. Kuanguka huko mbele ya lori si jambo la kucheka.

Sita, safari za kwanza ziwe fupi, nusu saa tu. Beba ufunguo wa skrubu mfukoni. Ukibadilisha kitu, badilisha kimoja, tena kwa kiasi cha milimita moja au mbili, kisha upime kwa siku kadhaa.

Saba, kagua kliti za plastiki mara kwa mara. Kutembea juu ya lami na mawe huzila. Zikiisha huchomoka ghafla, au hucheza kwa namna isiyopimwa.

Usiisahau siti

Mpenzi msomaji, usiilaumu kliti kwa kosa la siti. Tulipopima baiskeli ya seremala, siti nayo ilikuwa juu mno. Njia rahisi ya kupima ni hii: keti juu ya siti, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyooka bila nyonga kuinama upande. Ukisogeza mguu ili ukanyage kwa ile sehemu nene ya mbele, goti litabaki limekunjwa kidogo. Ndivyo inavyopasa.

Maumivu nayo hutoa ushuhuda, ingawa si kila mara:

Maumivu ya mbele ya goti, mara nyingi siti iko chini mno, au gia ni nzito mno.

Maumivu ya nyuma ya goti, mara nyingi siti iko juu mno.

Maumivu ya upande wa ndani, huenda kliti imevuta vidole nje mno.

Maumivu ya upande wa nje, huenda kliti imevuta vidole ndani mno, kama kwa seremala wetu.

Na wenye pedeli za kawaida?

Wasomaji wetu wengi wana baiskeli za kawaida, pedeli pana za mpira au chuma, na viatu vya kila siku. Msihuzunike. Pedeli pana huuachia mguu ujichagulie pembe, hivyo katika jambo hili goti lenu liko salama. Hakuna anayelazimika kununua viatu vya kunasa ili awe mpanda baiskeli mwema.

Hata hivyo yako mambo matatu ya kuangalia. Pedeli iliyopinda mhimili baada ya kuanguka huusokota mguu kwa kila mzunguko, basi na ibadilishwe. Pedeli iliyovunjika na kubaki mhimili mtupu huulazimisha wayo kukaa upande, nayo ibadilishwe pia. Na siti iliyoshushwa chini ili mtu akanyage ardhi kwa urahisi hulibana goti. Ipandishwe kidogo kidogo, sentimita moja kwa wiki.

Lini tuende hospitali?

Maumivu madogo yanayotoweka baada ya kupumzika na kurekebisha baiskeli si ya kutisha. Lakini nenda hospitali bila kukawia kama goti limevimba, limekwama lisiweze kunyooka, linaachia ghafla unapotembea, au haliwezi kubeba uzito wako baada ya kuanguka. Goti lenye joto na wekundu pamoja na homa ni jambo la haraka sana, maana huenda kuna maambukizo ndani ya kiungo. Na usimeze vidonge vya maumivu ili upate kuendelea kuendesha. Kidonge huzima kengele, hakizimi moto.

Seremala alifikia wapi?

Tulimshauri apumzishe goti siku kumi, na hata baada ya hapo aende kazini kwa pedeli za kawaida za fundi wa mtaani. Akanunua kliti za njano, tukazifunga pamoja, ile ya kulia ikigeuzwa pua yake upande wa kidole gumba ili pembe ya asili ya mguu iwe katikati ya nafasi. Siti ikashushwa sentimita mbili. Akaanza tena na safari fupi. Baada ya wiki sita alirudi zahanati, si kwa kuchechemea, bali kutuonyesha kwamba amepanda mlima wote bila kushuka. Vidonge vilivyobaki alivirudisha.

Hakupona kwa sababu kliti ya njano ina uwezo wa ajabu. Alipona kwa sababu mguu wake wa kulia uliruhusiwa kuwa jinsi ulivyoumbwa. Mwili ni amana tuliyokabidhiwa. Kabla ya kuulazimisha ufuate chombo, tukifanye chombo kiufuate mwili.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya na vikundi vya vijana

1. Je, katika jumuiya yetu kuna anayeacha kazi au utume wake kwa sababu ya maumivu ya goti? Ameshakagua siti na pedeli zake?

2. Leteni baiskeli tatu. Pimeni urefu wa siti kwa njia ya kisigino. Ngapi ziko sawa?

3. Someni nyayo zenu juu ya sakafu. Je, kulia na kushoto zinalingana?

4. Kwa nini si vema kununua kifaa kwa kuangalia rangi yake tu, au kwa kuwa bingwa anakitumia?

Mama Bikira Maria wa Ghisallo awaombee wote walio njiani, wafike salama na warudi salama.